Usimtaje Kabla ya Alama Tatu: Namna ya Kumtambua Mnyama wa Porini

Barabara kuu ya kutoka Morogoro kwenda Iringa inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kilomita zipatazo 50, na kila basi linapoingia pale abiria husogea madirishani. Nimepita njia ile mara nyingi, na karibu kila safari nasikia yaleyale. Mtu anaita, "Swala hao!" Mtoto anauliza, "Swala gani?" Hapo basi zima linanyamaza.

Ukimya huo unaniuma. Watu huvuka bahari kuja kuwatazama wanyama wetu, na lugha yetu ina jina la karibu kila mmoja wao, lakini wengi wetu tunabaki na "swala" kwa kila mwenye pembe na "chui" kwa kila mwenye madoa. Mwongozo huu nimeuandikia mzazi anayeulizwa swali la yule mtoto, mwalimu anayepeleka wanafunzi hifadhini, na kijana anayetaka kuanza kazi ya kuongoza wageni. Kanuni yangu ni moja: usimtaje mnyama mpaka umeona alama tatu zinazokubaliana. Alama moja hudanganya, na hata rangi, ambayo ndiyo jicho hukimbilia kwanza, hubadilika kwa mwanga, vumbi, tope na umri.

Hatua ya 1: Jiandae

Beba darubini. Kwenye darubini huandikwa namba mbili, kwa mfano 8x42. Ya kwanza ni mara ngapi kitu kinasogezwa karibu, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Kwa anayeanza, 8 inatosha, kwa sababu ukizidi 10 mkono ukitetemeka kidogo na mnyama naye anatetemeka. Kama huna darubini, piga picha kwa simu kisha ikuze, ila mtazame mnyama kwa macho yako kabla hajaondoka. Nimeona watu wakirudi na picha mia na hawakumbuki hata mkia ulikuwa wa namna gani.

Beba pia daftari, kalamu na kiberiti. Kazi ya kiberiti utaiona tukifika kwenye nyayo.

Ingia hifadhini geti linapofunguliwa. Saa mbili tatu za mwanzo na zile za kuelekea magharibi ndizo wanyama wengi huwa kwenye mwendo. Mchana wa jua kali utakutana na masikio tu yakichomoza kivulini.

Hatua ya 2: Tazama umbo, sahau rangi

Mfikirie mnyama kama kivuli cheusi kilichosimama mbele ya jua. Mgongo umelalaje? Shingo ni ndefu au fupi? Miguu ya mbele na ya nyuma inalingana?

Mgongo ulioteremka kuelekea nyuma ni alama kubwa. Kati ya wala nyama, huyo ni fisi, maana mabega yake yako juu kuliko nyonga. Kati ya wala majani, mfikirie kongoni, nyamera au nyumbu. Mbwa mwitu wetu wa Afrika ana mgongo ulionyooka, mwili mwembamba na masikio makubwa ya mviringo kama vifuniko vya sufuria, kwa hiyo hata ukimwona kwa mbali huwezi kumchanganya na fisi ukianza na umbo. Ukianza na madoa, utakosea.

Mnyama mkubwa kama ng'ombe, mwenye nundu begani na ngozi inayoning'inia kooni, ni pofu, mkubwa kuliko swala wengine wote, hata yule aitwaye korongo. Akitembea karibu na gari lililozimwa, utasikia miguu yake ikitoa mlio wa kualika kama mtu anayevunja vidole. Mwenye shingo ndefu kupita kiasi anayesimama kwa miguu miwili ya nyuma kula majani ya juu ni swala twiga. Mtafute sehemu kavu kama Mkomazi, Tsavo na Samburu.

Kwa twiga, umbo halikusaidii kujua ni wa aina gani, kwa hiyo hapo ndipo ngozi inaruhusiwa kusema. Twiga wa Kimasai, ambaye ndiye wa Tanzania na kusini mwa Kenya, ana mabaka yenye kingo zilizochanika kama jani la mzabibu. Twiga wa kaskazini mwa Kenya ana mabaka makubwa yaliyonyooka kingo, yametenganishwa na mistari myeupe kama wavu. Yule wa Maporomoko ya Murchison nchini Uganda, ambaye pia yuko Ziwa Nakuru, miguu yake kuanzia magotini kwenda chini haina mabaka, kama amevaa soksi nyeupe. Dume na jike utawajua kwa vipembe. Vya jike vina shungi la nywele nyeusi nchani, vya dume vimekwanguka kwa kupigana.

Hatua ya 3: Panda kichwani

Kwanza jiulize kama ni pembe za kweli. Swala, nyati na mbuzi wana pembe zenye mfupa ndani na ganda gumu nje, na hazidondoki mpaka wafe. Paa wa Ulaya, Asia na Marekani, wale wenye pembe za matawi, huzidondosha kila mwaka na kuotesha nyingine. Kusini mwa Sahara hatuna hata mmoja wa asili. Kwa hiyo ukiona picha ya mnyama mwenye pembe za matawi imeandikwa "kulungu", jua mwandishi ameazima jina la mnyama wetu mwingine kabisa, yule pongo wa vichakani, ambaye kwingine huitwa mbawala.

Nalitaja hili la majina kwa sababu linawachanganya wengi. Tembo na ndovu ni mmoja. Nyamera wengi humwita topi. Sehemu moja "paa" ni mnyama huyu, sehemu nyingine ni yule. Msibishane jina ndani ya gari. Semeni alama, na mtajikuta mnamzungumzia mnyama mmoja.

Baada ya hapo tazama pembe zimekaaje. Zilizojisokota kama parafujo, na ni za dume tu, ni za tandala. Tandala mkubwa ana ndevu zilizoshuka kooni na mistari michache myeupe ubavuni. Tandala mdogo hana ndevu hizo, ana mabaka mawili meupe kooni na mistari mingi zaidi. Hifadhi ya Ruaha ina wote wawili, ndiyo maana naipendekeza kwa mtu anayetaka kujifunza. Pembe zilizopinda kwenda nyuma kama upinde, juu ya mnyama mwenye tumbo jeupe, ni za palahala. Dume lake likizeeka huwa jeusi tii, na jike ni la kahawia nyekundu. Kwa Kenya, palahala wamebaki Shimba Hills tu. Pembe ndefu zilizonyooka kama mikuki miwili ni za choroa.

Nyati mtazame katikati ya paji la uso. Dume lililokomaa lina pembe zilizoungana pale juu na kuwa gumu kama kofia ya chuma. Zikiwa bado na nywele na nafasi katikati, ni dume changa au jike.

Kwenye kifaru, achana na maneno "mweusi" na "mweupe", maana wote ni wa kijivu na huchukua rangi ya tope walilogaagaa. Tazama mdomo. Kifaru mweusi ana mdomo wa juu uliochongoka unaoshika tawi kama kidole, kwa kuwa anakula majani ya vichaka. Kifaru mweupe ana mdomo mpana ulionyooka kama mashine ya kukatia nyasi, na kichwa chake hushinda kimeinama chini. Alama ya tatu ni mtoto. Wa kifaru mweupe hukimbia mbele ya mama yake, wa kifaru mweusi hufuata nyuma. Hata kama vumbi limeficha midomo, mpangilio huo utakusaidia. Na tukiwa hapa, nalazimika kusema: dume la mwisho la vifaru weupe wa kaskazini, aliyeitwa Sudan, alikufa Ol Pejeta nchini Kenya mwezi Machi 2018, na wakabaki majike mawili tu, Najin na Fatu, mama na mwanawe. Mtu akikuuliza kwa nini uhangaike kujua tofauti ya kifaru na kifaru, mweleze hilo.

Hatua ya 4: Subiri ageuke, kisha soma makalio

Hapa ndipo swali la yule mtoto wa kwenye basi linapojibiwa. Swala wengi hukupa mgongo, na wengi hulaumu bahati mbaya. Kumbe makalio ya swala ni kitambulisho kizuri kuliko uso.

Swala pala, ambaye ndiye utamwona zaidi Mikumi, ana mistari mitatu myeusi nyuma: mmoja kila paja na mmoja juu ya mkia. Kisha teremsha jicho mpaka miguu ya nyuma, juu kidogo ya kwato, utaona mashungi meusi ya nywele. Alama ya tatu ni pembe. Madume tu ndiyo yenye nazo, nazo zimepinda kwa madaha kama kinubi. Ukiona kundi la ishirini na mwenye pembe ni mmoja, huyo ni dume na majike anayoyalinda. Ukiona kundi lote lina pembe, hao ni makapera.

Sasa nenda Serengeti, Ngorongoro au Maasai Mara, kwenye nyasi fupi, ukutane na swala tomi na swala granti wakila pamoja. Hapa ndipo ule mstari mweusi wa ubavuni unapowakosesha watu. Wameambiwa, "Mwenye mstari ni tomi." Ni kweli tomi ana mstari mzito mweusi ubavuni, lakini baadhi ya granti, hasa majike na watoto, nao wana mstari wa giza pale pale. Mimi mwenyewe niliwataja vibaya kwa msimu mzima mpaka mzee mmoja, aliyekuwa askari wa wanyamapori, akaniambia, "Mwanangu, acha ubavu. Tazama weupe umeishia wapi."

Weupe wa makalio ya granti unapanda na kuvuka juu ya mkia. Wa tomi unakoma chini ya mkia. Ukishaliona hilo mara moja hutalisahau. Ongeza mkia wenyewe: wa tomi ni mweusi na hautulii, unapunga muda wote kama kifutio cha kioo cha gari. Ongeza ukubwa: tomi ana kilo kati ya 15 na 30 hivi, na granti anaweza kumzidi zaidi ya mara mbili. Alama tatu hizo. Majina yao yanatokana na wasafiri wawili wa karne ya 19, Joseph Thomson na James Augustus Grant, na ulimi wa Kiswahili umeyalainisha mpaka yakawa yetu.

Kuro, swala mwingine, naye ni wa kusomwa nyuma. Yule wa upande wa mashariki wa Bonde la Ufa ana duara jeupe lililozunguka makalio, kama ameketi kwenye kiti kilichopakwa rangi mbichi. Wa upande wa magharibi makalio yote ni meupe. Ngiri akikimbia hunyoosha mkia juu kama antena ya redio, na nguruwe pori huuacha ukining'inia. Bweha mwenye ncha nyeupe ya mkia ni bweha miraba. Ncha nyeusi pamoja na mgongo uliofunikwa kama shuka la kijivu ni bweha mgongo mweusi.

Hatua ya 5: Paka wenye madoa

Hatua hii naitenga kwa sababu makosa hapa ni mengi kuliko popote, hata kwenye magazeti na vitabu vya watoto. Duma huitwa chui, na mondo huitwa mtoto wa duma.

Anza na uso. Duma ana mstari mweusi unaotoka pembe ya ndani ya kila jicho na kushuka mpaka mdomoni, kama njia ya machozi. Chui hana. Nenda kwenye madoa. Ya duma ni meusi kamili, ya mviringo, kila moja limesimama peke yake. Ya chui yamekusanyika kuwa maua: doti nyeusi zilizozunguka katikati yenye kahawia iliyokolea kidogo. Kisha mwili. Duma ni mwanariadha, ana kichwa kidogo, kiuno chembamba, kifua kilichoshuka na miguu mirefu. Chui ni mbeba mizigo, mfupi, mnene wa shingo na mabega, na ndiyo maana anaweza kupandisha mtini mnyama mwenye uzito kama wake.

Kazi zao ndizo zilizoumba tofauti hizi. Duma huwinda mchana, mahali pa wazi, kwa mbio zinazokaribia kilomita 100 kwa saa, lakini ni za mita mia chache tu, kisha anahema mpaka unamhurumia. Kucha zake hazifichiki kabisa kama za paka wengine, zinabaki nje kidogo ili zishike ardhi anapokata kona. Chui huvizia, husubiri giza na hukaribia kwa tumbo, kwa hiyo anahitaji nguvu ya kukaba kuliko ya kukimbia.

Usiposhika kwa macho, shika kwa masikio. Duma hangurumi. Anakoroma kama paka wa nyumbani na kumwita mwenzake kwa mlio mwembamba unaofanana na wa ndege. Chui hutoa sauti nzito ya kukwaruza, kwenda na kurudi, kama msumeno unaokata ubao. Ukiisikia usiku ukiwa kambini, hutahitaji kuuliza.

Mondo ni mdogo zaidi, ana miguu mirefu, mkia mfupi na masikio makubwa yaliyosimama karibu karibu juu ya kichwa. Anawinda panya kwenye nyasi ndefu kwa kusikiliza, kisha anaruka juu na kumshukia kwa miguu ya mbele. Simbamangu ni wa rangi moja ya mchanga mwekundu, na nyuma ya masikio yake ni peusi, na nchani yana shungi refu. Kanu na fungo pia wana madoa, lakini si paka. Ukiona mwili mrefu, mdomo uliochongoka na mkia wenye pete, rudi hatua ya pili na uanze upya.

Chui mweusi je? Yupo, na Laikipia nchini Kenya amepigwa picha nzuri, ila si aina nyingine ya mnyama. Ni chui yuleyule aliyezaliwa na weusi uliozidi, na mwanga ukimpiga vizuri utaona maua yake chini ya weusi huo.

Simba hahitaji utambulisho, lakini umri wake unasomeka. Mtazame puani kwa darubini. Simba mchanga ana pua ya waridi, na kadiri anavyokua inaingiwa na madoa meusi. Watafiti wa Serengeti walionyesha kuwa pua ikifika nusu nyeusi, simba huyo kwa kawaida amefikia miaka mitano au sita.

Hatua ya 6: Mtazame anavyoenda na anaishi na nani

Dakika tano za kutulia hukufundisha kuliko saa nzima ya kuzunguka. Mwambie dereva azime injini.

Nyamera hupanda juu ya kichuguu na kusimama pale kama mlinzi, akionyesha mabaka yake ya bluu nyeusi mapajani na miguu ya manjano. Kongoni naye hupanda vichuguu, lakini hana mabaka hayo na uso wake ni mrefu zaidi. Dikidiki, mnyama wa kilo tano hivi mwenye pua inayochezacheza, huishi wawili wawili. Ukimwona mmoja, mwenzake yuko hatua chache ndani ya kichaka, tafuta.

Kwa fisi madoa, anayeongoza ni jike, na jike ni kubwa kuliko dume. Maumbile ya jike kwa nje yanafanana na ya dume, jambo lililowafanya watu wa zamani kuamini fisi ana jinsia mbili. Hana. Na ingawa anafanana na mbwa, kwa ukoo yuko karibu na paka. Kuna fisi milia pia, mdogo zaidi, mwenye masikio yaliyochongoka na manyoya marefu mgongoni. Ila fisi maji si fisi hata kidogo. Ni mnyama wa mtoni anayekula samaki na kaa, kaliazima jina tu.

Kwenye miti, uliza kwanza kama kuna mkia. Sokwe hana, nyani, tumbili na mbega wanao. Mbega umtambue kwa vazi lake jeusi na jeupe linaloning'inia, na ukipata picha ya mkono wake utaona kidole gumba hakipo, kimebaki kama kibonge.

Hatua ya 7: Thibitisha kwa mahali

Kabla ya kuandika jina, jiuliza kama mnyama huyo anaishi hapo. Punda milia wa Grevy, mwenye milia myembamba isiyofika tumboni na masikio makubwa ya duara, yuko kaskazini mwa Kenya na Ethiopia. Ukidhani umemwona Ruaha, umekosea, na wa pale ni punda milia wa kawaida ambaye milia yake mipana inazunguka mpaka tumboni. (Jina hilo ni la Jules Grévy, rais wa Ufaransa aliyezawadiwa mmoja kutoka Uhabeshi mwaka 1882.)

Kwa picha za mtandaoni hatua hii ni dawa. Chui milia huishi porini Asia tu. Paka mwenye maua kama ya chui, lakini ndani ya maua mna vidoti, kichwa kikubwa na mwili mnene zaidi, ni jaguar wa Amerika ya Kati na Kusini. Tembo mwenye masikio madogo, mgongo uliobinuka juu na kidole kimoja nchani mwa mkonga ni wa Asia. Wetu ana masikio makubwa, mgongo uliobonyea katikati na vidole viwili. Na mamba wa kwetu akifunga mdomo, jino la nne la chini huonekana nje. Aligeta wa Marekani na China hulificha ndani, na pua yake ni pana kama herufi U.

Hatua ya 8: Mnyama hayupo? Soma alichoacha

Hili lifanye pale unaporuhusiwa kushuka, ukiwa na askari au mwongozaji. Weka kiberiti kando ya unyayo, upige picha kutoka juu kabisa. Bila kitu cha kulinganisha, unyayo wa paka pori na wa simba huonekana sawa kwenye picha.

Unyayo wa jamii ya paka hauna alama za kucha, na ukingo wa nyuma wa kitako chake una mawimbi matatu. Wa jamii ya mbwa una kucha na mawimbi mawili. Duma ni paka anayeacha kucha, kwa hiyo hesabu mawimbi. Wa fisi una kucha pia, ila wa mbele ni mkubwa dhahiri kuliko wa nyuma. Kiberiti kina urefu wa sentimita tano hivi. Unyayo wa simba dume huvizidi viberiti viwili vilivyopangwa kwa urefu, wa chui haufiki. Kifaru ana vidole vitatu, kiboko vinne.

Kwa tembo, chukua kamba uzungushe unyayo wa mguu wa mbele, ule wa duara zaidi. Zidisha mara mbili, na hapo utapata urefu wake mpaka begani kwa makadirio ya karibu. Nimewafanyisha wanafunzi hesabu hii, na kimya chao wanaponyoosha kamba hewani na kuona mnyama alivyokuwa mkubwa kimenifurahisha kila mara.

Usione haya kutazama kinyesi. Cha fisi kikikauka huwa cheupe kama chokaa, kwa sababu ya mifupa anayoila. Cha kifaru mweusi kina vijiti vilivyokatwa mshazari kama kwa kisu, cha kifaru mweupe ni nyasi tupu. Kiboko hupepea chake kwa mkia mpaka kwenye vichaka, na mahali pengi Afrika wazee husimulia kuwa anamwonyesha Mungu hakuna mifupa ya samaki ndani.

Hatua ya 9: Andika papo hapo

Andika tarehe, saa, mahali, idadi, na zile alama tatu. Jina liwe la mwisho. Kama umepata alama mbili tu, andika mbili na uache nafasi ya jina wazi. Daftari lenye nafasi wazi lina thamani kuliko lenye majina ya kubahatisha, kwa sababu utarudi siku nyingine na kuijaza.

Jambo moja uliache nje ya mtandao: mahali hasa ulipomwona kifaru. Zima huduma ya eneo kwenye simu kabla ya kumpiga picha, maana picha hubeba taarifa hizo kimya kimya, na majangili wanajua kuzisoma.

Anza na safari yako ijayo ya basi. Ukishapita Doma kuelekea Mikumi, kaa dirishani, chagua swala mmoja tu kundini na umfuate kwa jicho mpaka ageuke. Hesabu mistari ya nyuma, teremka kwenye visigino, kisha mtafute mwenye pembe. Mtoto wa kiti cha nyuma akiuliza ni swala gani, mwonyeshe mkia kwanza.